Bi Wino na Jalada la Penseli

Hospitalini walimwita Bi Wino, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa karani wa masijala ya kliniki ya afya ya akili, chumba kirefu chenye dirisha moja na makabati saba ya chuma, mwisho kabisa wa korido, baada ya maabara. Miaka ishirini na miwili alikuwa humo. Alikuwa na kalamu ya wino mweusi ambayo hakumwazima mtu, awe mfagizi au mganga mkuu. Ukimwomba kalamu alikupa ya kawaida kutoka kwenye kopo, kisha akakukazia macho mpaka uirudishe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba wauguzi walimletea kadi zao za harusi awaandikie majina ya wageni, naye alijifanya anasumbuliwa, lakini siku hizo alikuwa akiimba peke yake hadi jioni.

Kazi yake ilikuwa kuyatunza mafaili, na mafaili ya kliniki ile yalipangwa kwa namba za kile kitabu kinene cha orodha ya magonjwa kinachotumiwa na hospitali za nchi nyingi. Humo magonjwa ya akili yana mlango wake, mlango wa herufi F, na yamegawanywa kifamilia. F ishirini na jamaa zake ni skizofrenia na yanayofanana nayo, ambapo mtu husikia sauti wasizozisikia wengine, au hushikilia jambo lisilo kweli na asibanduke hata umwoneshe ushahidi. F thelathini na jamaa zake ni magonjwa ya hisia: sonona, na ule wa hisia kupanda na kushuka ambao madaktari huuita baipola. F arobaini ni nyumba ya hofu na mishtuko. Bi Wino hakusomea udaktari, lakini mitaa hiyo aliijua kama njia ya kwenda kwake. Muuguzi alikuwa hajamaliza kutaja namba, mkono wa Bi Wino uko kwenye droo.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomkera katika kazi hiyo, nacho ni penseli. Daktari wa zamani, mzee aliyeiongoza kliniki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alikuwa na mazoea ya kuandika jina la ugonjwa juu ya jalada kwa penseli siku mgonjwa alipofika mara ya kwanza. Penseli! Kwenye jalada la hospitali! Bi Wino aliona ni uzembe wa wasomi. Penseli inafutika, vidole vya watu vinaipangusa, na baada ya mwaka mmoja hujui kama umeandikiwa ugonjwa au orodha ya sokoni. Kwa hiyo kila jalada lilipochakaa, yeye alizihamishia karatasi kwenye jalada jipya na kuandika kila kitu upya kwa wino wake mweusi, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Majalada ya zamani hakuyatupa. Aliyakunja na kuyasukuma nyuma kabisa ya faili, maana alikuwa mtu ambaye hata kipande cha uzi alikiwekea kopo lake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo na hakuna aliyemkataza.

Katika droo ya F ishirini, safu ya tatu, ndimo lilimokuwa faili la mdogo wake.

Huyo mdogo wake alikuwa fundi mabango. Majina ya maduka, saluni, gereji na shule za watoto nusu ya mji ule yalitoka mkononi mwake, herufi nene zenye kivuli, ukizitazama unadhani utazishika. Wazazi wao walipofariki, Bi Wino ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia brashi zake za kwanza. Alipofika miaka ishirini na minne yakatokea yaliyotokea. Siku tano hakulala. Alizungumza bila kupumua, akapaka rangi kuta za watu ambao hawakumwomba, kisha akaanza kusema kwamba herufi zilizo ukutani zinamtumia ujumbe na zinamwita kwa jina. Dada mtu akamshika mkono, akamleta hospitalini alikokuwa akifanya kazi mwenyewe, huku anakwepa macho ya wenzake.

Tangu hapo miaka kumi na moja. Kila mwezi sindano. Sauti zilinyamaza, tusiwe watovu wa shukrani, zilinyamaza kweli. Lakini mkono ukaanza kutetemeka, mwendo ukawa wa kukakamaa, na uso ule uliokuwa mwepesi wa kucheka ukawa umetulia tu hata ukimsimulia kichekesho cha kuua. Na kila mwaka ilikuja miezi miwili au mitatu ambapo hakutoka kitandani, wakaambiwa ndivyo ugonjwa ulivyo. Bango la mwisho alilojaribu lilikuwa la kinyozi wa jirani. Mstari ulienda kama njia ya konokono. Kinyozi, mtu mwungwana, alilitundika hivyo hivyo, na fundi akawa anazungukia mtaa wa nyuma ili asilipite.

Wiki ambayo kisa chetu kinaanza, fundi alikuwa amemwambia dada yake jambo wakati anakunywa chai mlangoni pa chumba chake cha uani. "Dada, lile sanduku la brashi, nitafutie mtu wa kumpa. Chuo cha ufundi labda. Zinakauka bure."

"Zikauke zinakokauka," Bi Wino alimjibu kwa ukali, akaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Wiki hiyo hiyo ndipo kompyuta ilipoletwa masijala. Mafaili yote yaingizwe, moja baada ya jingine, kwa amri ya daktari mpya. Huyu daktari mpya alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye viatu vya raba na mwendo wa mtu anayechelewa. Alimwamkia Bi Wino shikamoo kila asubuhi, jambo lililompunguzia makosa mengine. Kompyuta ilikuwa na tabia mbaya: kila ukiandika jina la ugonjwa, ilikuuliza kama utambuzi huo ni wa muda au umethibitishwa, na haikukuachia upite mpaka ujibu. Bi Wino alibofya umethibitishwa, umethibitishwa, umethibitishwa, mpaka kidole kikauma.

Siku ya tatu daktari alipita kuangalia kazi inavyokwenda, na Bi Wino akaona ndio wasaa wa kulalamika.

"Mwanangu, sanduku lako hili linauliza maswali kama mkwe. Wa muda, umethibitishwa, sisi mambo hayo hatukuwa nayo. Mzee wetu alikuwa anaandika kwa penseli yake, basi, mimi naweka wino, kazi inakwisha."

Daktari, aliyekuwa amekwisha geuka kuondoka, alisimama. "Unaweka wino juu ya penseli ya nani?"

"Ya daktari wa zamani. Jalada likichakaa naandika upya vizuri."

"Mama," daktari alisema polepole, "yule mzee alinifundisha mimi chuoni. Penseli yake ilikuwa na maana. Siku ya kwanza mgonjwa yuko kwenye dhoruba, huwezi kujua yote, kwa hiyo unaandika jina la muda ili uanze kumtibu. Ukishamtazama kwa miezi, ukamsikiliza yeye na ndugu zake, ndipo unathibitisha. Na akithibitisha alipitisha wino kwa mkono wake mwenyewe, akaweka sahihi."

Bi Wino alivuta kiti. Alikaa. Daktari aliitwa wodini na akaondoka mbio.

Hakuhitaji kutafuta. Alilivuta faili la mdogo wake, akapenyeza mkono nyuma na kulitoa jalada la zamani lililokunjwa, limekuwa laini kama kitambaa. Jina la ugonjwa lilikuwa pale, kwa penseli, mkono wa mzee. Hapakuwa na wino wa mzee wala sahihi. Juu ya jalada jipya lilisimama jina lile lile kwa wino mweusi, F kubwa yenye mkia, mwandiko mzuri kuliko wote hospitalini. Alifunua ndani. Mzee alistaafu miezi mitano baada ya siku ile ya kwanza. Waliofuata walikuwa madaktari wa kupita, mmoja mwaka, mwingine miezi minane, na wagonjwa mia wanasubiri nje. Kila mmoja alisoma jalada, akaandika mstari mmoja: aendelee na dawa. Nani angebishana na wino?

Sasa hapa nisikufiche, msomaji: Bi Wino hakukimbia kukiri. Siku mbili alikaa nalo. Alijiambia huenda jina ni sahihi. Alijiambia yeye ni karani tu, asiyejua lolote. Alijiambia wakijua watamfukuza, na akifukuzwa nani atamtunza huyo mdogo wake? Alikaribia hata kulichana lile jalada la zamani, akalishika kwa mikono miwili. Mikono ikakataa. Kwa mara ya kwanza alitamani awe mtu wa kutupa vitu.

Asubuhi ya siku ya tatu alipiga moyo konde, akaingia chumba cha daktari na majalada yote mawili, la zamani na jipya, akayaweka mezani na kusema kila kitu bila kukaa. Mwisho akasema, "Maji yamemwagika, daktari. Nifanye unavyotaka."

Daktari aliyalinganisha, mwandiko kwa mwandiko. Hakumwambia si neno, maana ilikuwa neno. "Ulikosea, mama, na waliosoma bila kuuliza walikosea zaidi yako. Lakini nisikilize. Penseli haimaanishi kosa. Inawezekana jina hili ni lake kweli. Hatuna kipimo cha damu cha kutuambia huyu ana hiki, yule ana kile. Damu tutapima, lakini ni ya kuhakikisha hakuna tatizo jingine la mwili linalojifanya la akili. Yaliyobaki ni kuuliza. Dalili zipi, zilianza lini, zilidumu muda gani, zinakuja pamoja na nini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na dalili moja haifanyi ugonjwa. Kusikia sauti kupo kwenye familia zaidi ya moja ya kile kitabu. Mlete. Na asiache sindano hata siku moja mpaka nimwone, umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na atakayemwambia ni wewe."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Alimwambia jioni hiyo hiyo, amesimama mlangoni pa chumba cha uani na mkoba bado begani. Fundi alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukitetemeka juu ya goti.

"Wewe ndiye uliyepitisha wino?"

"Ni mimi."

"Miaka kumi na moja, dada."

Alinyanyuka na kufunga mlango, taratibu, bila kuubamiza, na Bi Wino alisema baadaye kwamba angeubamiza ingekuwa nafuu. Alilia jikoni kwa sauti, na hakuona haya nani anasikia. Kesho yake fundi hakusema naye. Keshokutwa yake vivyo hivyo. Siku ya miadi, Bi Wino alipokuwa anavaa viatu akijua ataondoka peke yake, mdogo wake alitokea amenyoa ndevu, na chini ya kwapa alikuwa na daftari nene lililojaa madoa ya rangi.

"Hata mimi niliwahi kupaka duka zima jina la mtu, limekosewa, kabla mwenyewe hajalisoma," alisema bila kumtazama. "Twende."

Daftari hilo ndilo lililofanya kazi. Lilikuwa daftari lake la michoro, kila bango aliloombwa alilichora humo kwanza, na kila mchoro ulikuwa na tarehe, tangu ana miaka kumi na minane. Daktari alilifungua mezani, akachukua karatasi ndefu na kuchora mstari wa miaka. Kulikuwa na mwezi wenye michoro minne, mitano, kazi ya kawaida. Kisha ukaja mwezi wenye michoro arobaini na mitatu, kurasa zimejaa hadi pembeni, herufi zinapandiana. Baada yake miezi mitatu mitupu. Kisha kazi ya kawaida tena. Jambo hilo lilikuwa limetokea mara tatu kabla ya siku ile ya kuletwa hospitalini, na hakuna aliyewahi kuliona, kwa sababu hakuna anayempeleka ndugu yake kwa daktari eti anafanya kazi sana.

"Mwezi huu wa michoro arobaini na mitatu ulikuwa unalala?" daktari aliuliza.

"Saa mbili tu kwa usiku mzima. Wakati mwingine sikulala. Na sikuchoka, daktari, ndio uzuri wake. Nilijiona naweza kuupaka rangi mji mzima."

"Na hizo sauti za herufi. Uliwahi kuzisikia katika miezi hii ya kawaida? Umelala vizuri, unafanya kazi zako?"

Bi Wino alitaka kumjibia, akajiuma ulimi. "Hapana," fundi alisema. "Zilikuja ile mara moja tu, nilipokuwa juu kabisa."

"Na hii miezi mitupu?"

"Hiyo ni ile ya kitandani. Ipo mpaka leo."

Maswali yaliendelea kwa saa mbili, na yakaendelea tena wiki iliyofuata na ile iliyofuata. Bi Wino naye aliulizwa peke yake, kuhusu mama yao, kuhusu mjomba mmoja aliyekuwa akizunguka mji na kuhutubia na baadaye kujifungia ndani, ambaye familia nzima ilimwona mtu wa visa tu. Majibu ya damu yalirudi safi. Ndipo daktari alipowaeleza kwamba, kwa alivyoona, jina linalokaa vizuri zaidi ni baipola: hisia hupanda mpaka juu, na huko juu kabisa akili inaweza kusikia na kuamini yasiyokuwepo, kisha hushuka mpaka chini. Sindano ilikuwa imesaidia kunyamazisha sauti, na kutetemeka kulikuwa gharama yake. Ingepunguzwa kidogo kidogo, huku dawa nyingine ya kutuliza kupanda na kushuka huko ikiingizwa, na wote watatu wakitazama.

Daktari aliinama, akaandika jina jipya juu ya jalada jipya. Aliliandika kwa penseli.

Fundi alilipenda jambo hilo kuliko yote aliyoambiwa. "Sisi pia tunaanza hivyo," alimwambia daktari. "Huwezi kumwaga rangi ukutani kabla ya penseli. Ukikosea na rangi, unakwangua ukuta." Kisha akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu ile jioni, na pembe moja ya mdomo ikacheza.

Bi Wino hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, akaihifadhi kwenye faili lake mwenyewe, kwa mpangilio. Adhabu kubwa alijipa yeye. Alipitia makabati yote saba, akatoa majalada ya zamani kutoka nyuma ya mafaili, na akakuta watu sitini na mmoja ambao penseli yao aliifunika kwa wino bila sahihi ya daktari. Daktari aliwaita mmoja mmoja. Wengi jina lao lilibaki lile lile, safari hii likiwa na sahihi chini yake. Tisa lilibadilika. Mmoja wao, mwalimu mstaafu aliyejulikana kwa miaka kumi na mitano kama mgonjwa wa sonona, alikutwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na baada ya matibabu alirudi masijala kumsalimia Bi Wino na kumwuliza kwa utani kama bado anaandika kadi za harusi. Bi Wino alimwomba radhi mbele ya wauguzi wote.

Mkono wa fundi haukutulia kwa siku moja. Miezi minne ilipita ndipo alipoweza kubeba kikombe kilichojaa. Mwezi wa sita alishuka tena, akarudi kitandani, lakini safari hii alimwambia dada yake siku ya pili badala ya mwezi wa pili, wakaenda kliniki, na alikuwa amesimama baada ya wiki tatu. Mwezi wa tisa alipita mbele ya kinyozi kwa hiari yake, akalitungua lile bango la konokono na kuondoka nalo bila kuaga.

Mwaka ulipokaribia kutimia, daktari aliagiza mlango wa masijala uandikwe upya, maana maandishi ya zamani yalikuwa yamebanduka. Fundi alikuja na sanduku lake la brashi, zile ambazo hazikuwa zimekwenda chuo chochote. Alipima mlango kwa kamba, akapiga mistari, akachora herufi moja moja kwa penseli. Wauguzi walipita na kusimama. Mkono ulitetemeka kidogo mwanzoni mwa kila herufi, kisha ukashika njia. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, na kumgeukia dada yake aliyekuwa ameegemea ukuta na kalamu yake mfukoni.

"Haya, Bi Wino. Nipitishe rangi?"

Bi Wino alizisoma herufi zote kutoka mwanzo hadi mwisho. Zilikuwa nzuri. Hakuona kosa hata moja.

"Subiri kwanza, mdogo wangu," alisema. "Ngoja nimwite na daktari, tuzitazame sote."